EMSA, RIP, CLIP, polisomu au lusiferasi: uchague ipi kuchunguza protini zinazoshika RNA ukiwa Mtwara au Lindi

Protini inaweza kushika mRNA, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na isibadilishe chochote. Liweke hilo mbele kabla hujaagiza hata chupa moja ya kemikali, kwa sababu njia zinazolinganishwa hapa ni za makundi mawili, na kila kundi lina swali lake. EMSA (jeli inayoonyesha RNA iliyoshikwa ikichelewa), RIP (kuvua protini kwa kingamwili pamoja na RNA yake) na CLIP (kuvua baada ya kufunga mishiko kwa mionzi) zinakuambia kama protini imeishika RNA, na imeishika wapi. Kupima polisomu (ribosomu, mashine za kutengeneza protini, zikiwa kadhaa juu ya mRNA moja) na kupima lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga) kunakuambia kama usanisi wa protini umepanda au umeshuka. Mwanafunzi wa Mtwara anayeagiza vifaa mara moja kwa mwaka akikosea kundi, amepoteza mwaka.

Mfano wa chuma unaonyesha hatari hiyo vizuri. Seli ikipungukiwa chuma, protini ziitwazo IRP1 na IRP2 hushika kifundo cha RNA kinachoitwa IRE. Kifundo hicho kina nyukleotidi kama 30, kimejikunja, na kileleni kina kitanzi cha herufi sita zinazoanza na CAGUG. mRNA ya feritini, protini inayohifadhi chuma, ina IRE moja kwenye kipande cha mbele kisichotafsiriwa (kisichosomwa kuwa protini), karibu na kofia, kemikali iliyo kwenye ncha ya mwanzo ya mRNA. IRP ikikaa hapo, sehemu ndogo ya ribosomu inakosa pa kutua na feritini haitengenezwi. mRNA ya kipokezi cha transferini, kinachoingiza chuma ndani ya seli, ina IRE tano, zote kwenye kipande cha nyuma. IRP ikikaa huko, inaikinga mRNA isikatwe. mRNA inadumu, na protini yake inaongezeka. Protini ileile, kifundo cha aina ileile, matokeo kinyume kabisa. Ukifanya EMSA ya zote mbili utapata jeli zinazofanana.

Kwa mikoa ya kusini, mfano ulio karibu zaidi ni muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi huku majani yakionekana bado yanafaa kwa kisamvu, unasababishwa na virusi vya RNA. Virusi hivyo havina kofia kwenye RNA yao. Mahali pa kofia pana protini iitwayo VPg, nayo hujishikiza kwenye protini za muhogo za ukoo wa eIF4E, ambazo kazi yake ya kawaida ni kushika kofia ya mRNA na kuanzisha utafsiri. Muhogo una protini tano za ukoo huo, mbili kati yake zikiitwa nCBP-1 na nCBP-2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jeni za hizo mbili zikiharibiwa kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, dalili hupungua na virusi hupungua kwenye mizizi, ingawa havitoweki kabisa. Protini inayoongoza usanisi ndiyo hiyohiyo mlango wa ugonjwa. Kwa hiyo mifano mingi hapa chini ni ya majani ya muhogo.

| Njia | Swali inalojibu | Kinachokwamisha | Muda |
|---|---|---|---|
| EMSA | Protini safi inaishika RNA hii, na kwa nguvu gani? | Kupata protini safi | Siku 1 |
| RIP na qPCR (kipimo cha wingi wa RNA) | Ndani ya seli hai zilikuwa pamoja? | Kingamwili, na baridi ya usiku kucha | Siku 2 hadi 3 |
| CLIP | Inashika herufi zipi, kwenye mRNA zipi zote? | Maktaba ya mfuatano (vipande vilivyoandaliwa kusomwa herufi) na uchambuzi wa kompyuta | Wiki 1 hadi 2 kabla ya kusoma mfuatano |
| Polisomu | Ribosomu ngapi ziko juu ya mRNA hii? | Sentrifuji ya kasi kuu | Siku 2 |
| Lusiferasi katika dondoo | Kipande hiki cha mRNA kinabadilisha kiasi cha protini? | Kipima mwanga | Siku 1 |

Lusiferasi katika dondoo: anzia hapa

Watu wengi hukimbilia kingamwili kwanza. Ushauri wetu ni kinyume: anza na kipimo kinachoonyesha athari, kwa sababu pasipo na athari hakuna haja ya kutafuta mahali protini inaposhika.

Unachukua kipande cha mbele au cha nyuma cha mRNA unayoichunguza, unakiunganisha na jeni la lusiferasi ya kimulimuli, unatengeneza mRNA kwa kimeng'enya cha T7 kinachonakili DNA kuwa RNA, kisha unaitia kwenye dondoo lenye ribosomu na kila kitu cha kutafsiria. Unaongeza protini yako safi kwa viwango vinavyopanda: 0, 50, 100, 200, 400 nanomola. Pembeni unaweka mRNA ya lusiferasi ya Renilla, kiumbe wa baharini, isiyo na kipande hicho, iwe ya kulinganishia. Unachosoma ni uwiano wa mwanga wa kimulimuli kwa Renilla. Uwiano ukishuka kadiri protini inavyoongezeka, na ukikataa kushuka pale kifundo kinapovunjwa kwa kubadili herufi moja au mbili, una jibu.

Dondoo zinazouzwa zaidi ni mbili: la chembe changa za damu ya sungura na la viini vya mbegu za ngano. Uchaguzi kati yake si wa bei tu. Dondoo la sungura lina IRP yake tayari, hivyo ukijaribu kifundo cha feritini ndani yake utakuta kimeshazuiwa kabla hujaongeza kitu. La ngano halina IRP, na ndiyo maana linafaa kwa majaribio ya aina hiyo. Pia dondoo la sungura halijali sana kama mRNA ina kofia au haina. Kwa protini za ukoo wa eIF4E hilo ni kasoro kubwa, maana unapima kofia kwenye chombo kisichoihitaji sana. Kwa kazi ya muhogo chukua la ngano bila kusita: ni mmea, na linaitegemea kofia zaidi.

Yanayoharibu kazi hapa ni manne, na la joto ndilo linalosahaulika kusini. Dondoo la ngano hufanya kazi kwa nyuzi 25. Maelekezo yakisema "joto la chumba" yanamaanisha chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na Mtwara ya Januari meza ya maabara inafika 30 na zaidi. Tumia bloku ya kupooza au beseni la maji lenye kipimajoto, ukitia vipande vya barafu kidogo kidogo. La pili ni kofia: ukitumia kofia ya kawaida, uwiano wake kwa GTP uwe 4 kwa 1, na ujue kwamba hadi nusu yake inaweza kuingia kinyumenyume, ile ya aina ya ARCA haiingii kinyume. La tatu ni umbali. Kifundo cha IRE kikisogezwa mbali na kofia, uzuiaji wake unadhoofika, kwa hiyo usiongeze mabaki marefu ya plazmidi (DNA ya duara uliyotumia kama kiolezo) kati ya kofia na kifundo. La nne ni mRNA kuzidi. Ukijaza mRNA mpaka ribosomu zishindwe kuhudumia, protini yako itaonekana haifanyi kitu. Pima kwanza viwango vinne vya mRNA peke yake, kisha uchague kiwango ambacho mwanga bado unapanda sambamba na mRNA.

Hakikisha pia mRNA haikukatika njiani. Toa mikrolita 5 mwisho wa jaribio, upime kwa qPCR kiasi cha mRNA kilichobaki. Mwanga ukishuka na mRNA ikishuka nao, hujapima utafsiri, umepima uozo.

EMSA

Jeli isiyo na sabuni, RNA yenye alama, na protini safi. RNA iliyoshikwa hupita polepole na kuacha mstari juu ya ile iliyo huru. Ni njia nafuu na ya haraka, nayo inakupa namba ya nguvu ya mshiko, ambayo RIP haikupi.

Mchanganyiko wa mikrolita 20 unatosha: RNA yenye alama kiasi cha nanomola 0.1 hadi 1, DTT milimola 1, gliseroli asilimia 5 hadi 10, tRNA ya chachu miligramu 0.1 kwa mililita ili kunyonya mshiko wa ovyo, na protini kwa viwango vinavyoongezeka mara mbili mbili. Kabla ya hapo, pasha RNA nyuzi 95 kwa dakika 2 na uiache ipoe ili ijikunje sawasawa. Acha ishikane dakika 20 hadi 30. Jeli ya asilimia 6, bafa ya TBE nusu nguvu, iendeshwe bila sampuli dakika 30 hadi 60 kwanza, kisha volti 100 ndani ya friji au chombo kikizungukwa na barafu.

Kiwango cha protini kinachohamisha nusu ya RNA kinakaribia kipimo cha mshiko pale tu RNA ilipo chini yake kwa mara kumi hivi. Ukiweka RNA nanomola 10 kwa protini inayoshika kwa nanomola 1, utakachopima ni wingi wa RNA yako mwenyewe.

Jeli yenyewe husema kosa liko wapi. Ukungu mrefu kati ya mistari miwili ni mshiko unaoachia njiani, mara nyingi kwa sababu jeli imepata joto. RNA iliyoganda kwenye kisima ni protini iliyojifinyanga pamoja. Ngazi ya vipande vifupi chini ni RNase, kimeng'enya kinachokata RNA, na mara nyingi imetoka kwenye vidole au kwenye maji. Maji yatiwe DEPC, kemikali inayoua RNase, asilimia 0.1 usiku kucha kisha yapigwe mvuke wa presha. Usitie DEPC kwenye bafa yenye Tris, maana Tris inaila. Tayarisha maji kwanza, ndipo uyeyushe Tris ndani yake.

Kwa protini za ukoo wa eIF4E kuna njia fupi kuliko EMSA: shanga zenye m7GTP, kemikali inayofanana na kofia. Unapitisha dondoo la majani, unaosha, kisha unaiachilia protini kwa m7GTP huru ya mikromola 100. Ikitoka kwa m7GTP na isitoke kwa GTP ya kawaida, imeshika kofia kweli.

RIP

Hapa unatoka kwenye kioo na kuingia ndani ya seli. Unasaga jani, unaivua protini kwa kingamwili iliyo kwenye shanga za sumaku, halafu unapima kwa qPCR mRNA zilizokuja nayo.

Kwa muhogo tatizo la kwanza ni kingamwili: za kununua dhidi ya protini za muhogo ni adimu. Njia inayotumika ni kuivisha protini alama kama HA, FLAG au GFP na kuiingiza kwenye majani ya Nicotiana benthamiana, mmea wa jamii ya tumbaku, kwa msaada wa Agrobacterium, bakteria anayeingiza jeni kwenye mimea, kisha kuvua kwa kingamwili ya alama. Mmea huo unaambukizwa na virusi vya michirizi ya kahawia, hivyo unafaa hata kwa swali la virusi.

Gramu 1 hadi 2 za unga wa jani lililogandishwa, bafa yenye KCl milimola 100, MgCl2 milimola 5, HEPES milimola 10 ya pH 7.0, NP-40 asilimia 0.5, DTT milimola 1, na vizuizi vya RNase na vya vimeng'enya vinavyokata protini. Majani ya muhogo, na ya mkorosho zaidi, yana polifenoli nyingi zinazogeuza dondoo kuwa la kahawia na kushika protini na RNA bila mpangilio. Ongeza PVP asilimia 1 hadi 2, na ukiona rangi ya chai ndani ya dakika tano jua umechelewa. Kingamwili mikrogramu 5, shanga mikrolita 50, nyuzi 4 usiku kucha huku ikizungushwa. Osha mara tano au sita. Proteinazi K nyuzi 55 dakika 30, kisha toa RNA.

Usisahau kutenga asilimia 10 ya dondoo kabla ya kuvua, na kuwa na bomba jingine lenye kingamwili isiyohusika. Hesabu ifanyike hivi. Tuseme dondoo la asilimia 10 lina Ct 24.0 (Ct ni mzunguko ambao qPCR inaanza kuiona mRNA). Toa 3.32, ambayo ni logi ya 10 kwa kizio cha 2, ubaki na 20.68. Bomba la kingamwili yako lina 25.7, tofauti ni 5.02, sawa na asilimia 3.1 ya mRNA yote. Bomba lisilohusika lina 29.7, tofauti ni 9.02, asilimia 0.19. Umevua mara 16 zaidi. Kisha pima mRNA moja isiyotarajiwa kushikwa; nayo ikitoka mara 16, basi hukuvua chochote maalumu.

Udhaifu mkubwa wa RIP ulionyeshwa mwaka 2004 na Mili na Steitz: baada ya seli kupasuliwa, protini zinaweza kuachia na kushika RNA ambazo hazikuwa nazo ndani ya seli hai. Dawa ni kuchanganya. Chukua jani lenye protini yenye alama lakini lisilo na mRNA unayoitafuta, uchanganye na jani lenye mRNA hiyo lisilo na alama, kisha uvue. mRNA ikija, imeshikwa ndani ya bomba. Kipimo hiki kinaongeza bomba mbili tu, na mtu akikuonyesha RIP bila hicho, muulize.

CLIP

CLIP, iliyoanza mwaka 2003, inaondoa udhaifu huo kwa kuunganisha protini na RNA kwa mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254 kabla ya kupasua seli. Kwa kuwa kiungo ni cha kudumu, unaweza kuosha kwa chumvi ya mola 1, kupitisha kwenye jeli ya SDS, na kubaki na RNA iliyoshikwa kweli. Aina za baadaye, iCLIP ya 2010 na eCLIP ya 2016, zinaonyesha mahali pa mshiko hadi herufi moja.

Ni njia bora kwa swali la "wapi". Lakini majani ya kijani hunyonya mionzi hiyo, hivyo tabaka la juu linaungua wakati la ndani halijaguswa. Seli za wanyama kwenye sahani zinatosheka na milijuli 150 hadi 400 kwa sentimita mraba; jani zima linahitaji zaidi, na hata hapo ni sehemu ndogo tu ya mishiko inayofungwa. Kisha kuna kukata kwa RNase I kwa kipimo: ikizidi, vipande vinakuwa vifupi visivyoweza kutambulika vinatoka kwenye jeni gani, ikipungua, vinakuwa virefu na mahali pa mshiko panapotea. Kipimo hicho hakipatikani kwa kusoma maelekezo, kinapatikana kwa kujaribu viwango vitatu au vinne kwenye sampuli yako.

Usiifanye Mtwara peke yako. Fanya hatua ya mionzi na ugandishaji hapa, halafu ushirikiane na maabara yenye watu wanaotengeneza maktaba za mfuatano kila wiki.

Polisomu

Ribosomu kadhaa zikiwa juu ya mRNA moja zinaitwa polisomu. Unazigandisha kwa sikloheksimidi mikrogramu 100 kwa mililita, unaweka dondoo juu ya sukari inayoongezeka kutoka asilimia 10 hadi 50, unazungusha kwa mizunguko 35,000 hadi 40,000 kwa dakika kwa saa 2 hadi 3 katika nyuzi 4, kisha unatoa sehemu 12 na kupima mRNA kwenye kila moja. mRNA inayozuiwa inahama kutoka sehemu nzito kwenda nyepesi.

Hiki ndicho kipimo cha kweli cha kinachotokea ndani ya seli, na kwa vimelea vya malaria hakina mbadala rahisi. Kwenye gametosaiti (seli za uzazi) jike za Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya, protini DOZI huhifadhi mRNA za P25 na P28 bila kutafsiriwa mpaka mbu anyonye damu. Hilo lilichapishwa mwaka 2006. Anayepima wingi wa mRNA peke yake ataziona zipo tele na kudhani protini zipo pia.

Magnesi ndiyo inayoshikilia ribosomu pamoja. Weka MgCl2 milimola 5 hadi 10 kwenye kila bafa. Na kila mara endesha bomba moja lenye EDTA, kemikali inayonyonya magnesi, milimola 20 hadi 30: ribosomu zinaachana, na mRNA yako lazima ihamie juu. Isipohama, kilichoizamisha si ribosomu, ni fungu lingine zito, na hitimisho lote linaanguka.

Baridi na safari

Barafu ya wavuvi inafaa, kwa sharti moja: iponde na uimwagie maji kidogo mpaka bomba ziguswe pande zote. Donge kavu linagusa bomba sehemu moja tu. Usiichanganye na chumvi kama inavyofanywa kwa samaki, itashuka chini ya sifuri na kugandisha dondoo lako polepole, jambo baya kuliko kuliacha nyuzi 4.

Maji ya kuhifadhia RNA yenye amonia salfeti yanafaa ukitaka qPCR ya wingi wa mRNA. Kwa RIP na polisomu ni sumu, maana yanaziangusha protini. Majani yaliyokaushwa kwa silika yanafaa kutambua virusi na si zaidi. Kama shamba liko Newala au Nachingwea na naitrojeni ya maji haipo, kuna njia ya formaldehidi: zamisha majani kwenye asilimia 1, vuta hewa kwa pampu dakika 10 hadi 15, zima kwa glisini milimola 125 kwa dakika 5, suuza, kisha gandisha haraka ufikapo. Formaldehidi inaunganisha protini na protini pia, kwa hiyo mRNA utakayovua inaweza kuwa ya jirani wa protini yako.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo eneo la Somanga. Sanduku la foma hupoteza kilo 2 hadi 5 za barafu kavu kwa siku. Panga za siku tatu, si za safari ya usiku mmoja, na usilizibe kwa gundi kila upande, gesi ipate pa kutokea.

Nani achukue ipi

Mwenye protini ya ukoo wa eIF4E na swali la muhogo: shanga za m7GTP, halafu lusiferasi katika dondoo la ngano. Hizo mbili zinafanyika Mtwara kwa vifaa vya kawaida na kipima mwanga kimoja.

Mwenye protini mpya na mRNA moja inayoshukiwa: lusiferasi, EMSA yenye kifundo kilichovunjwa, kisha RIP yenye bomba la kuchanganya. Polisomu aipeleke kwa mwenzake mwenye sentrifuji.

Asiyejua mRNA zipi zinashikwa kabisa ndiye pekee anayehitaji CLIP. Naye aanze na RIP ya sampuli mbili ili ahakikishe kingamwili inavua, kabla ya kuwasha taa ya 254.